Manyunyu tu, picha inaganda: nipandishe kifurushi?

SWALI: Natumia king'amuzi cha Azam TV hapa Muheza, huu mwaka wa tatu. Tangu masika yaanze, hata manyunyu yakianguka picha inaganda, kisha inaandika hakuna mawimbi. Fundi anasema nipandishe kifurushi kwa kuwa cha juu kina mawimbi yenye nguvu, au nimpe laki moja anifungulie chaneli zote. Nifuate lipi?

JIBU: Mama yangu, usifuate hata moja. Hili la kifurushi kikubwa, mawimbi makubwa, nalisikia karibu kila nyumba ninayopanda paa, na linanikera kwa sababu linakula pesa za watu. Chaneli za bei ya chini na za bei ya juu zinashuka pamoja kutoka angani, nyingine kwenye masafa yaleyale. Ukilipa, kinachobadilika ni ruhusa tu: inatumwa kwa namba ya kadi yako, kufuli linafunguka. Dishi halijui umelipia nini. "Hakuna mawimbi" na "lipia kifurushi" ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Mvua kubwa kukata picha kwa dakika chache ni kawaida, maji hunyonya mawimbi haya. Lakini manyunyu? Hapo dishi lilishayumba kitambo, au waya umeoza. Satelaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki ya mstari wa Greenwich, na Muheza iko mashariki zaidi ya hapo, kwa hiyo kwenu dishi linatazama magharibi. Angalia kama kuna mwembe uliorefuka upande huo. Kisha fundi afungue kiungio cha waya pale kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Juzi nilifungua kimoja, maji yakanidondokea kiganjani, na uzi wa shaba ulikuwa umeota kutu ya kijani. Nilikata waya mpaka nikaona shaba inang'aa, nikafunga kiungio kipya, nikalisogeza dishi unene wa kidole. Ikatosha. Fundi asiyetazama kwanza ubora wa mawimbi kwenye menyu kabla ya kugusa skrubu, mwambie ashuke.

Na hao wa "nakufungulia zote", jamani, waogopeni. Funguo za kufuli lile hubadilishwa kila baada ya sekunde chache. Anachofanya ni kukuunganisha kwa intaneti na kadi ya mtu mwingine inayogawa funguo hizo. Ni wizi, na siku kampuni ikiizima kadi ile, nyumba zote zilizoitegemea zinazimika saa ileile. Nimeshaitwa na wazee walioachiwa kiboksi kisichoonyesha kitu na namba ya simu isiyopatikana. Nikipanda juu, nakuta dishi lao la mwanzo lilikuwa linadai kiungio cha bei ya soda.