Maswali Yenu: Pilau ya watu arobaini, sato wa Krismasi na sahani ya jirani

Shikamooni. Mwaka Mpya tutakula pamoja na majirani wa ua wetu: watu wazima 25, watoto 15. Mwaka jana pilau iliungua chini, juu ikabaki na kiini. Nipike kilo ngapi, na nilikosea wapi?
*Mama wa Buzuruga*

Marahaba, mama. Watoto wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja, upate sahani 33. Kilo moja ya mchele inashibisha watu sita, kwa hiyo kilo 5 na nusu zinatosha. Pika 7, maana siku hiyo mtu akipita uani sinia likiwa limefunuliwa, hapiti hivihivi. Nyama iwe nusu ya mchele, kilo 3 na nusu.

Kosa lilikuwa sufuria moja. Mchele mwingi ukirundikana, wa juu unaukandamiza wa chini na mvuke haupandi. Chini unabondeka na kuungua, juu haupati joto. Gawa sufuria mbili, kilo 3 na nusu kila moja, na mchele mbichi usizidi theluthi ya sufuria. Uloweke nusu saa, uchuje.

Kwa kila sufuria: vitunguu maji kilo 1, mafuta nusu lita, vitunguu saumu vichwa vitatu vilivyotwangwa na tangawizi, bizari nzima vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko 1, iliki kijiko 1, karafuu nusu kijiko, mdalasini vijiti vitatu. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, basi usikiharakishe: kaanga mpaka kiwe kahawia iliyokolea, kisha tia saumu na tangawizi upesi kabla hakijawa cheusi. Kikishaungua, uchungu wake hauondoki hata uongeze viungo.

Tia viungo, nyama iliyochemshwa, halafu supu lita 5. Mchele wa zamani uliokauka sana uongezee nusu lita. Onja supu kabla ya kutia mchele: chumvi iwe imezidi kidogo, kwani mchele utainywa. Supu ikikaribia kukauka, geuza mara moja tu, punguza moto wa chini, funika na upalie makaa juu ya mfuniko kwa dakika 30. Ukikuta kiini, nyunyiza kikombe cha maji ya moto, kamwe si ya baridi, ufunike kwa jani la mgomba chini ya mfuniko. Wengine hutumia mfuko wa nailoni. Tunawasihi waache, unayeyukia kwenye chakula.

Kinachobaki usikilaze kwenye sufuria. Kitandaze kwenye sinia kipoe, kiingie friji ndani ya saa mbili. Wali uliolala na uvuguvugu huweza kuwa na sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Nikinunua sato Mwaloni tarehe 23 watafika Krismasi? Umeme kwetu Igoma unakatika.
*Msomaji, Igoma*

Watafika, ukiwa na barafu ya kutosha: kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Nenda soko hilo la Mwaloni, Kirumba, alfajiri, chagua mwenye mashavu mekundu, macho yaliyojaa, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Toa matumbo na mashavu palepale, osha. Panga kwenye ndoo yenye matundu chini: barafu iliyopondwa, samaki, barafu tena, ndoo ikae kivulini. Matundu yana kazi kubwa, kwa sababu samaki akilala ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka analainika na kuchacha. Ongeza barafu asubuhi na jioni.

Sisi ni Wakristo, majirani zetu Waislamu. Tunataka wale nasi bila wasiwasi.
*Baba wawili, Nyegezi*

Mwombeni jirani mmoja mapema aje awachinjie, au mnunue nyama bucha anakonunua yeye. Kama kwenu kutapikwa kitimoto (nyama ya nguruwe), sufuria, mafuta, kisu na ubao wake viwe mbali kabisa, wala msitumie jiko hilohilo kwa zamu. Bia zikae meza nyingine. Halafu waambieni wageni wazi nani kachinja na nyama imetoka wapi. Mgeni kuuliza ataona haya, na asipojua atasema ameshiba.

Tunakwenda Ukerewe na watoto watatu. Meli au barabara?
*Msomaji, Ilemela*

Zote zinafika. Meli inatia nanga Nansio. Kwa barabara mtapita Bunda hadi Kisorya, mvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Kateni tiketi mapema, na mkikuta chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni msubiri kinachofuata. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mwaka 2018 ilikuwa imezidisha abiria. Mvisheni kila mtoto boya la saizi yake kabla ya kung'oa nanga: la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini.