Santuri ya injili ya 1971: ioshe kabla ya kuipiga

Mwaka 1971 Mchungaji T.L. Barrett wa Chicago alitoa albamu ya Like a Ship... (Without a Sail) akiwa na kwaya ya vijana, Youth for Christ Choir. Gitaa ni la Phil Upchurch, na Gene Barge naye yumo. Wote walikuwa mafundi wa studio za muziki wa soul mjini humo. Ni injili kamili, ila besi na ngoma ni za funk. Haikutoka kwa kampuni kubwa bali kwa Mt. Zion Gospel Productions, ndiyo maana nakala za mwanzo ni adimu na bei yake ni kali.

Kama shida yako ni kusikiliza tu, nunua toleo jipya la kampuni ya Light in the Attic la 2010. Ni bora mara kumi kuliko nakala ya zamani iliyochakaa.

Ukiletewa nakala inayodaiwa kuwa ya mwanzo, geuza jalada. Ukiona ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, hiyo si ya 1971. Mistari hiyo ilianza kutumika madukani 1974. Kisha iinamishe santuri chini ya taa kali. Mkwaruzo usioshika ukucha hausumbui sana. Unaoshika ukucha utagonga kila mzunguko. Mifereji (ile mistari ambamo sindano hupita) iliyofifia kuwa ya kijivu imeshaliwa na sindano, na hakuna sabuni itakayoirudisha.

Usijaribu kuipiga ikiwa chafu, hata kwa dakika moja. Sindano husukuma mchanga kwenye kuta za mfereji, na alama hiyo haifutiki. Changanya maji yaliyotoneshwa (distilled) sehemu nne, alkoholi ya isopropili sehemu moja, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. (Santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe na alkoholi kabisa, inaziyeyusha.) Futa kwa kitambaa laini ukifuata mfereji, usiukatize, na lebo ibaki kavu. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Maji ya bomba huacha chumvi, nayo ndiyo huleta ile milio ya kuchakacha utakayoilaumia santuri bure. Isimamishe kivulini kwa muda wa saa mbili, kisha iingize kwenye mfuko mpya. Ule wa zamani una vumbi lilelile.

Uzito wa sindano ufuate maelekezo ya mtengenezaji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Wengi huupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi inarukaruka na kugonga kuta. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila upande: huko ndani mzunguko ni mfupi, na herufi "s" za kwaya zikianza kupasuka, angalia kwanza sindano na jinsi ilivyofungwa.

Unapoihamishia kwenye kompyuta, pitisha sauti kwenye kikuzaji cha santuri (phono preamp), la sivyo besi itafifia sana. Rekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kisizidi desibeli -6, maana kwaya ikipaza kwa pamoja sauti hupanda ghafla. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti.