Mama uliyejifungua, dai usingizi usiokatika

Nilijifungua mwaka 2020, miezi michache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi, kwamba korona ni janga la dunia nzima. Wengi wakikumbuka kipindi kile hutaja hofu ya ugonjwa. Mimi hukumbuka zaidi mikono iliyokosekana. Mama yangu alikuwa amejiandaa kuja kunilea uzazi, hakuweza kusafiri. Dada zangu walimwona mtoto kwenye simu. Mume wangu alikuwepo, lakini akifanyia kazi zake nyumbani, nami mchana kutwa namnyamazisha mtoto asisikike kwenye vikao vyake.

Karibu kila aliyepiga simu aliniambia, "Mtoto akilala, lala nawe." Wanaosema hivyo wana nia njema, ila ushauri wenyewe hautoshi. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana, na mwili wake hauanzi kutofautisha giza na mwanga mpaka afikishe kama miezi 2 au 3. Ukimaliza kunyonyesha, kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza, muda unaokubakia mara nyingi haufiki hata mzunguko mmoja wa usingizi wa mtu mzima, ambao ni kama dakika 90. Ndiyo maana unaweza kujumlisha saa 7 za kulala na bado ukaamka hoi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni zamu. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, mtoto alikuwa wa baba. Wiki za mwanzo, kabla maziwa hayajakaa sawa, alimleta kitandani ninyonyeshe, kisha akamchukua mara moja. Mengine yote yalikuwa juu yake. Baadaye nikaanza kukamua maziwa, naye akawa anamlisha mwenyewe huku mimi nimelala chumba kingine, mlango umefungwa. Saa 4 au 5 mfululizo zilinirudishia akili. Naamini kabisa kwamba zawadi kubwa ya kumpa mama aliyejifungua ni hiyo, kabla ya nguo za mtoto na kabla ya pongezi.

Najua jibu litakalokuja: baba ana kazi kesho. Na mama je? Yeye ndiye atakayembeba mtoto kutwa nzima. Mama aliyezidiwa na usingizi anaweza kupitiwa akiwa ameketi kwenye sofa na mtoto kifuani, na sofa ni mahali pa hatari sana kwa mtoto kulala, kwa sababu anaweza kubanwa akakosa pumzi. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, lisilo na mito. Kama unalea peke yako, mtafute mtu mmoja unayemwamini akushikie hata usiku mmoja au miwili kwa wiki. Na uombe kwa kutaja saa. Ukisema "nimechoka" watu wanakupa pole. Ukisema "njoo saa tatu, uondoke saa nane" wanajua la kufanya.

Kuhusu simu: niliacha kusoma idadi ya vifo vya korona wakati wa kunyonyesha usiku. Na kwa kuwa tulikuwa ndani muda wote, nilifungua mapazia mapema kila asubuhi, maana mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili, ya mama na ya mtoto.

Kuna uchovu mwingine ambao kulala peke yake hakuutibu. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wameueleza vizuri: mzazi ameishiwa nguvu kabisa katika malezi, moyo wake umejitenga na mtoto, haoni tena raha ya kuwa mzazi, na akijitazama hamwoni yule mzazi aliyekuwa. Unamfanyia mtoto kila kitu, ila kwa mazoea tu. Kwa mama mwenye kichanga, hali hii inaweza kufanana na sonona ya baada ya kujifungua, kwa hiyo usijipimie mwenyewe. Machozi na huzuni za siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Zikizidi hapo, nenda kliniki.

Ukifika, usiishie kusema hulali. Sema kama mtoto amelala, mwenzako ameshika zamu, na wewe bado umekodoa macho darini. Hiyo ni taarifa muhimu sana kwa mkunga au daktari. Huenda ukapewa dodoso la Edinburgh la kutafuta dalili za sonona, lenye maswali 10, linalotumika tangu 1987. Lijibu kwa ukweli, hata swali la kutaka kujidhuru. Omba pia kupimwa damu, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo navyo huleta uchovu mkubwa.

La mwisho ni kwenu mnaoishi naye. Mama akikesha bila hata kuhisi usingizi, akaongea mambo yasiyoshikana, akasikia sauti au akaanza kuamini kwamba mtoto ana jambo baya ndani yake, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache.