Jibu: Vipande vya vitenge kwa blanketi la mtoto

Dada, umeuliza kama vile vipande alivyokuachia fundi vinatosha blanketi la mtoto wa miaka 3. Vinatosha kabisa. Kata miraba ya sentimita 17. Ukitoa sentimita 1 ya mshono kila upande, miraba 48, yaani 6 kwa 8, inakupa 90 kwa 120. Ila fua kwanza! Mimi sikufua, kitenge chekundu kikachuja, vipande vyeupe vyote vikawa vya waridi. Nguo za kuvutika weka kando, zinapindisha mshono. Katikati tia blanketi kuukuu la mtumba, pale soko la Mwanjelwa hayakosekani. Baridi ya Juni hapa Mbeya haina mzaha, kitenge kitupu ni pambo tu. Kisha pitisha mishono michache kwenye tabaka zote 3, yaani vitenge vya juu, blanketi la katikati na kitambaa cha chini, lisijikunje ndani ukifua.