Kabla hujasaini barua pepe ya kwanza, hifadhi hati ya kubatilisha ufunguo

Nilipoanza kusaini barua pepe zangu kwa GnuPG, programu ya kusaini barua kidijitali na kuzisimba (kuzifunga zisisomwe na wengine), nilikuwa na haraka. Nilitengeneza funguo zangu mbili, wa umma ambao wengine huutumia kunisimbia barua na kukagua sahihi yangu, na wa siri ambao mimi hutumia kusaini na kufungua barua hizo, nikaupandisha ule wa umma kwenye seva za funguo, ambako watu hutafuta funguo za wenzao, nikaanza kutuma. Sikuuwekea tarehe ya ukomo. Miezi michache baadaye diski ya kompyuta ikafa, na ufunguo wa siri ukapotea nayo.

Ule wa umma ulibaki kwenye seva ukiwa na jina langu. Watu waliendelea kuutumia kusimba barua walizoniandikia, nami sikuweza kusoma hata moja. Wala sikuweza kutangaza kwamba umekufa, kwa sababu tangazo hilo husainiwa na ufunguo wa siri uleule uliopotea. Ilibidi nimwandikie mtu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuniuliza: nitajuaje kuwa ni wewe? Swali hilo liliniuma, maana ndilo nililotaka sahihi inijibie.

Tangu toleo la 2.1, GnuPG hukutengenezea hati ya kubatilisha, yaani lile tangazo la kifo cha ufunguo likiwa limeshasainiwa, mara tu unapounda ufunguo, na kuiweka kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Tatizo ni kwamba folda hiyo iko kwenye diski ileile. Inakili hati hiyo kwenye kifaa kingine, au ichapishe karatasini, ni fupi. Ifiche vizuri, kwa kuwa atakayeipata anaweza kuubatilisha ufunguo wako, ingawa hawezi kusaini kwa jina lako. Programu huweka nukta pacha (:) mwanzoni mwa hati ili isitumike kwa bahati mbaya. Siku ukiihitaji hati, ifute kwanza nukta pacha hiyo. Ufunguo wa siri nao uwe na nakala, iliyolindwa kwa nenosiri refu.

Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: programu ikisema sahihi ni sawa, imethibitisha tu kwamba barua haikubadilishwa na kwamba ilisainiwa kwa ufunguo fulani. Mwenye ufunguo ni nani, hilo ni juu yako. Mtu yeyote anaweza kuunda ufunguo wenye jina lako na anwani yako kwa dakika moja. Mpigie simu mwenzako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, mkasomeane alama ya ufunguo (fingerprint, utambulisho wake), herufi na tarakimu zote 40. Inachosha, lakini usiishie kwenye nane za mwisho. Hizo huweza kughushiwa.

Na ukiona sahihi ya mtu imeharibika, usimtuhumu papo hapo. Seva inayoongeza mstari mmoja chini ya barua inatosha kuivunja.

Ufunguo wangu wa sasa una ukomo wa miaka 2. Tarehe ikikaribia naisogeza mbele, kisha naitoa ile karatasi ya hati na kuangalia kama wino bado unasomeka.