Re: Kocha wa kazi kwa mtu mzima mwenye usonji

Dada, umeuliza kama kocha anamtafutia tu mdogo wako kazi halafu anaondoka, hapana, akishaajiriwa ndo shughuli inaanza. Wa mdogo wangu, huku huku Marekani, alipiga picha kila hatua ya kuosha trei akazibandika juu ya sinki, na akamweka sawa meneja, usimwambie "harakisha", mwambie "maliza hizi kumi kisha pumzika". Halafu kidogo kidogo anapunguza masaa ya kukaa naye, akizidi kumganda hiyo sio msaada tena.

Anzeni na ofisi ya jimbo ya vokeshono rihabu (huduma ya serikali ya kusaidia wenye ulemavu kupata kazi), akiwa anapokea SSI (hela ya kila mwezi ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo) wanamchukulia anastahili mradi anataka kazi kweli. Na usiogope hela yake ya SSI, haikatwi yote, kama hana kipato kingine wanaruka dola 85 za kwanza za mshahara wa mwezi kisha nusu ya iliyobaki ndo wanaikata kwenye SSI, ila ripotini kila mwezi jamani, wasije wakamdai.

Muulizeni mshauri mapema nani atamlipa kocha baadaye, maana rihabu kwa kawaida mwisho miezi 24, baada ya hapo mara nyingi ni weiva ya Medicaid (mpango wa bima ya afya ya serikali unaolipia msaada wa mtu akiwa nyumbani na kwenye jamii) na foleni yake sio mchezo.