Sauti Kwanza, Mdomo Baadaye

Jana nimewakuta vijana wawili studio wanamchezesha midomo sungura wa plastisini, ule udongo laini wa kufinyanga katuni picha moja moja, na mtu wa kumpa sauti hata hajatafutwa. Wadogo zangu, ukutani mmebandika picha ya Wallace na mbwa wake Gromit, wale wa udongo. Basi mfuateni Nick Park, aliyewabuni, na kazini pia.

1. Sauti kwanza. Park alipotengeneza filamu fupi ya Creature Comforts pale studio ya Aardman, Bristol, Uingereza, mwaka 1989, alianza na mahojiano ya watu wa kawaida wakieleza makazi yao. Ndipo akafinyanga wanyama wa bustani ya wanyama na kuwapa maneno yale. Kusita, kujiuma-uma, kurudia neno, vyote vilikuwa vimeshanaswa. Mikono ilifuata tu. Filamu ikachukua Oscar.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na kobe msimulizi, sekunde 40. Kwa mbili mbili, yaani kila mkao ushike fremu mbili kati ya 24 za sekunde, hiyo ni mikao 480, na kila mkao nilibadilisha mdomo kwa kibano, usiku kucha, kwa sababu mchana joto lililegeza udongo. Siku kumi na moja. Nilipomaliza nikamwita bibi mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa ngano, aje aweke sauti. Akaanza, “Hapo zamani za kale,” akanyamaza, akavuta pumzi, akatazama pembeni kana kwamba kobe anapita mlangoni. Kwenye skrini kobe wangu alikuwa ameshafika mtoni. Nikamwomba aharakishe. Akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya saba sauti ilikuwa imekauka, na ile pumzi, utamu wote wa ngano, haikuwepo tena. Akajifunga khanga vizuri, akaniambia, “Mwanangu, kobe wako anaongea kama anawahi daladala.” Alikuwa amekuja kwa miguu, juani, kwa ajili yangu. Nikazifuta picha zote 480. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimchosha mzee kwa kosa langu.

2. Stendi ya kamera igandishwe sakafuni isisogee, dirisha lizibwe mwanga usibadilike. Nimeshasema mara ngapi!

3. Si kila mhusika apewe mdomo. Gromit hana, na paji lake likishuka kidogo tu unajua Wallace kaharibu tena. Kabla ya kufinyanga midomo kumi na miwili, jaribuni nyusi.

4. Alama za vidole msizifute zote. Za Park zinaonekana, na watoto wanazipenda.

5. Msiniulize wiki ya tatu filamu inaisha lini. A Grand Day Out, filamu ya kwanza ya Wallace na Gromit, ilikuwa kazi ya chuo ya Park, ameianza mwaka 1982. Aardman walimchukua 1985 ingali kiporo, ikakamilika 1989. Iliteuliwa Oscar ileile, ikashindwa na Creature Comforts, yaani alijishinda mwenyewe!

Sungura nimemfungia kabatini. Jumamosi saa nne mleteni huyo mtu wa sauti, mpeni maji ya kunywa na kiti kizuri, na mwacheni aseme kwa mwendo wake. Kinasa sauti nitakuja nacho.